Mkono wa Kushoto wa Kaka Yangu

Ningesema hapana, safari hii isingekuwapo. Nilikuwa katikati ya michai yangu hapa Ikonge, kikapu mgongoni, simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa Bwana Nyakundi, katibu wa kamati iliyokuwa ikigeuza nyumba ya marehemu kaka yangu Ogeto, mchongaji wa yale mawe laini yaitwayo mawe ya sabuni, kuwa makumbusho.

"Mzee Karani," akasema, "nyumba iko tayari. Tunafungua Jumapili. Tunataka mwanamume wa boma lile aongee kwa niaba ya familia."

"Kwamboka yuko," nikamjibu. Kwamboka alikuwa mjane wa kaka yangu, na alikuwa amekaa katika boma hilo tangu siku alipoolewa.

"Mama ataandaa chai. Wewe uko kwenye programu. Jina lako litachapishwa."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Nimekuwa karani wa kupima majani chai karibu maisha yangu yote, na jina langu nimeliandika mwenyewe, kwa kalamu ya kuvuja, chini ya maelfu ya vikaratasi. Hakuna mtu aliyewahi kulichapisha. Nikatua kikapu chini, nikasema sawa. Mmeniuliza mara nyingi, majirani, kwa nini siendi tena upande wa Tabaka. Naandika niwajibu wote kwa pamoja, kisha tuendelee kuchuma.

Kwanza mjue jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Kwenye vilima vya Tabaka kazi ya jiwe ina mipaka. Mwanamume hulichimba, hulipasua kwa panga na hulichonga kwa kisu. Mwanamke huteka maji, hulilowesha, hulisugua kwa msasa mpaka liwe laini kama shavu la mtoto, kisha hulipaka nta. Mwanamke akishika kisu, majirani huuliza mume wake ni wa kazi gani. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini watu wa kule huchekana vibaya, na kicheko hicho kinatosha kuwa sheria.

Nilipoingia kidato cha kwanza nilihamia kwa Ogeto, kwa kuwa shule ilikuwa karibu na kwake. Mwaka huohuo mikono ya kaka yangu ilianza kutetemeka. Sababu mnaijua, hata huku inapikwa. Akishika panga aliweza bado kulipasua jiwe, lakini akishika kisu, shingo ya twiga ilikatika. Basi wakafanya hivi: yeye aliketi nje chini ya mparachichi akigonga jiwe, ko, ko, ko, ili jirani asikie kwamba mwanamume yuko kazini. Ndani, mlango umefungwa, Kwamboka alichonga.

Alichonga kwa mkono wa kushoto. Alipokuwa msichana alipigwa sana kwa ajili ya mkono huo, akajifunza kula kwa wa kulia na kusalimia kwa wa kulia. Kisu peke yake ndicho kilichopata mkono wake wa kweli. Wale wanawake wa mawe, wembamba, walioinama, ambao wanunuzi walitoka mjini Kisii kuja kuwatafuta, ambao wamempa kaka yangu jina mpaka ng'ambo, wote ni wake. Karo yangu ilitoka humo. Kila neno la Kiswahili ninaloliandika hapa lilitoka kwenye mkono ule. Kati ya watu walio hai, tuliolijua jambo hilo tulikuwa wawili, mimi na yeye.

Jumapili, saa moja asubuhi, gari la kamati lilinichukua sokoni. Jumapili ilichaguliwa kwa sababu Wasabato wasingekuja Jumamosi na mheshimiwa, mgeni wetu rasmi, asingekuja siku ya kazi, ingawa sijawahi kujua siku zake za kazi ni zipi. Nilivaa suti ya kijivu. Bwana Nyakundi aliketi mbele, kalamu tatu zikiwa zimejipanga kwenye mfuko wa shati, na akanipa programu kabla sijafunga mlango. Nilijitafuta. Nilikuwa namba kumi na moja, baada ya "Burudani" na kabla ya "Burudani". Nikaukunja ule ukurasa taratibu, nikautia mfukoni upande wa moyo. Ndiyo, nilifanya hivyo, mzee mwenye wajukuu.

Tulipita Kebirigo, ukungu bado umelala juu ya michai, wachumaji wanaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Baada ya mji wa Nyamira ukuta wa miamba wa Manga ulijitokeza upande mmoja, na hapo ndipo Nyakundi alipoanza kunifundisha kaka yangu.

"Mzee, wageni watataka kusikia kwamba alianza kuchonga akiwa mdogo sana."

"Alianza alipooa. Kabla ya hapo alikuwa akiuza kuku."

"Hiyo ya kuku tuiache. Na pombe je?"

"Alikunywa."

"Kibao cha makumbusho kinasema hakuigusa."

"Basi kibao hakikumjua."

Dereva alicheka, Nyakundi akamwangalia, dereva akaangalia barabara. Nikaona huo ndio mwanya wangu. Nikasema, polepole, kwamba lilikuwapo jambo kuhusu mikono iliyochonga yale mawe, jambo ambalo familia ingependa lijulikane.

Nyakundi hakuuliza ni jambo gani. Aligeuka mwili mzima kwenye kiti chake. "Mzee wangu, kibao kimeshachongwa. Mheshimiwa ameshaandikiwa hotuba. Ukiwa na la kuongeza, liongeze zuri. Usituharibie."

"Si baya."

"Kama si baya, halina haraka."

Nikanyamaza. Watu husema kimya ni busara. Changu kilitokana na suti na ile programu mfukoni.

Saa tatu tulikuwa mjini Kisii. Tulisimama kwa muda mrefu kwa sababu kamati ilikuwa imesahau utepe wa kukata. Nyakundi alizunguka maduka matatu, akarudi na utepe wa rangi ya waridi wenye maneno ya kupongeza maharusi. Aliukunja kwa namna ambayo maneno yangebaki nyuma. Tukateremka hadi Suneka, tukaiacha lami, na kadiri tulivyokaribia Tabaka ndivyo njia ilivyozidi kuwa nyeupe. Kule vumbi la jiwe liko kila mahali: kwenye migomba, kwenye kope za watu, juu ya mbuzi. Kila ua lina wanaume wawili watatu wanaogonga na wanawake wanaosugua kwenye mabeseni, maji yao meupe kama maziwa yakitiririka barabarani.

Saa tano kasoro tulifika. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kaka yangu. Alikuwa amesimama langoni, mrefu kuliko alivyokuwa, amepakwa rangi ya fedha kutoka kichwani hadi viatuni. Ogeto hakuwahi kuwa na viatu vya kamba. Nikamgusa. Alikuwa wa saruji.

"Mbona hamkumchonga kwa jiwe?" nikauliza. "Mawe yako hapa, hata mbuzi wanayakalia."

"Tulitangaza kazi," akasema Nyakundi, "akashinda mtu wa saruji."

Mahema matatu yalikuwa yamesimikwa mahali palipokuwa na mihogo. Hema la kwanza lilikuwa na viti vilivyovalishwa nguo nyeupe na kufungwa utepe mgongoni. La pili lilikuwa na viti vya plastiki. La tatu lilikuwa na wachongaji wenyewe, nao walikuwa wamesimama.

Nikazunguka nyuma. Pale palikuwa na jiko la mabati, la duara, chumba kimoja, na humo ndimo Kwamboka alimokuwa akiishi. Alikuwa ameihama nyumba kubwa miaka kadhaa kabla ya kamati kujulikana, kwa kuwa paa lilikuwa limeoza. Nilimkuta akimimina chai kwenye chupa kubwa, gauni lake la kanisani, la bluu, limekingwa kwa leso. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Ombati," akaniita. Ninyi mnaniita Karani, na wanangu wananiita Mzee. Yeye peke yake, baada ya wakubwa wangu wote kuondoka, ndiye aliyekuwa amebaki akiniita jina langu. "Ombati, umenenepa."

"Ni chai ya Ikonge, shemeji."

"Na suti hiyo ilinunuliwa kwa harusi ya nani?"

"Ya binti yangu wa kwanza."

"Nilijua. Vifungo vinalalamika." Akanipa kigoda. Kisha akaelekeza kidevu upande wa nyumba kubwa, ambayo mabati yake mapya yalikuwa yaking'aa. "Umeona paa? Miaka yote ile nilitega sufuria chini ya tundu, nikiomba hata bati moja. Sasa Ogeto amekufa, hanyeshewi tena."

Tulicheka. Aliifunga chupa, akaifuta, akaifuta tena mahali palipokuwa safi.

"Leo utasema?"

"Niseme nini?"

"Usinifanye mtoto, Ombati. Ile ya kisu."

Nikauliza kwa nini asiseme mwenyewe. Hata nilipouliza nililijua jibu.

"Nikisema mimi, watasema bibi kizee amechanganyikiwa, anamwonea marehemu wivu. Wewe ni mwanamume wa boma hili. Tena umesoma." Akashusha sauti. "Mabinti wangu wamekuja wote watatu. Walipokuwa wadogo tulikuwa tukiwafukuza nje na kufunga mlango, wakakua wakidhani mama yao ni wa maji na msasa tu. Nimewaambia leo Ombati atasema. Sitaki kiti kwenye hema la nguo nyeupe. Nataka wasikie, basi."

"Nitasema," nikamwambia.

"Sema kwa sauti. Kerubo wangu hasikii vizuri kwa sikio moja."

Saa sita hotuba zilianza. Kila aliyesimama alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kwa dakika kumi. Mheshimiwa alisema kaka yangu alikuwa kielelezo kwa vijana, mtu wa nidhamu ambaye hakugusa pombe. Katika hema la tatu wazee walipatwa na kikohozi, wote kwa pamoja, na kikachukua muda kutulia. Mtu mwingine, ambaye sikukijua cheo chake wala yeye hakukieleza vizuri, alisema kwamba kutoka mikononi mwa Mzee Ogeto jiwe lilipata pumzi. Nilimtazama Kwamboka. Alikuwa kwenye meza ya chai akipanga vikombe, masikio yote kwangu.

Namba kumi na moja nikaitwa. Nilisimama. Mabinti watatu walikuwa wamekaa kwenye hema la pili, mstari wa mbele, Kerubo ameelekeza sikio lake zima upande wangu. Nikasalimu. Nikazingatia itifaki, naam, hata mimi. Nikasema familia inashukuru. Nikasema kaka yangu alinilea. Nilipofika hapo mheshimiwa alitikisa kichwa kwa kupendezwa, akamnong'oneza jirani yake, na nikasikia "hazina ya jamii". Alikuwa akinisema mimi. Moyoni nikajiambia: si hapa penye upepo na kipaza sauti kibovu, nitasema ndani, mbele ya mawe yenyewe, patakuwa na heshima zaidi. Nikaketi. Burudani ikaanza.

Saa nane utepe wa maharusi ulikatwa na tukaingia, watu wa hema la kwanza, waandishi wawili, mabinti, na wachongaji wachache waliojipenyeza. Kwamboka alifuata nyuma na chupa ya chai, kwa kuwa wageni walikuwa wamesema wangependa kunywa ndani ya mazingira ya msanii.

Sebuleni walikuwa wameweka kitanda. Kilikuwa kipya, godoro bado liko ndani ya plastiki, nacho kimezungushiwa kamba nyekundu. Kibao: KITANDA CHA MSANII. Kitanda cha kaka yangu kilikuwa cha fito na kamba za katani, na mara nyingi hakukifikia, alilala alipoangukia. Ukutani palikuwa na saa ambayo hakuwa nayo, na redio ambayo alikuwa nayo kweli lakini aliiuza mara mbili kwa watu wawili. Kwenye chumba cha ndani, kile kilichokuwa kikifungwa, sanamu tisa za wanawake walioinama zilikuwa zimepangwa kwenye rafu, kila moja na karatasi: USIGUSE. Huko Tabaka mtoto mdogo anajua kwamba jiwe lisiloguswa hupauka. Hupendeza kwa kushikwa. Pembeni, ndani ya sanduku la kioo, kililala kisu.

Kisu hicho nilikijua kama ninavyoijua kalamu yangu. Mhunzi alikitengeneza kutokana na chuma cha gari, na mpini wake ulikuwa umelika mahali pa kidole gumba.

Kijana mmoja wa kamati alikuwa akituelekezea kinasa sauti. Walitaka, Nyakundi alieleza, sauti ya familia ibaki humo ndani, mgeni abonyeze kitufe na kuisikia. Hapo ndipo mwanamke mmoja kati ya wale wachongaji alipoinama juu ya sanduku. Aliitwa Bosibori. Siku hizi wako wanawake wachache wanaoshika kisu waziwazi, na huyo alikuwa mmoja wao. Kucha zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi ambalo halitoki kanisani wala harusini.

"Samahani," akasema. "Hiki kisu kimenolewa upande mmoja tu. Na ni upande wa mtu wa kushoto. Mzee Ogeto alichonga kwa mkono gani?"

Nyakundi akacheka kidogo. "Msanii mkubwa hutumia mikono yote."

"Kwa kisu kama hiki haiwezekani," akasema Bosibori bila ubishi, kama mtu anayesema maji ni maji. "Na hizi sanamu, ukiangalia chini pasiposuguliwa, alama zinatoka kushoto. Lakini kwenye picha ile ameshika kwa kulia."

Sote tukageuka. Kwenye picha kubwa ukutani kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, kisu mkononi, mkono wa kulia, akitabasamu kama mtu aliyekishika kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu; na ndivyo ilivyokuwa.

"Karani yuko hapa," akasema mheshimiwa kwa upole. "Atuambie."

Naomba mnielewe jinsi jambo lilivyokuwa rahisi. Sikuhitaji kulianzisha. Lilikuwa limepakuliwa, limepozwa, limewekwa mbele yangu, sikupaswa kufanya zaidi ya kufungua mdomo. Kinasa sauti kilikuwa chini ya kidevu changu. Kerubo alikuwa amesogea na sikio lake. Kwamboka alikuwa amesimama mlangoni, chupa kwapani, kikombe mkononi, mkono wa kushoto. Na kiatu cha Nyakundi kilikuwa juu ya kiatu changu.

Nitawadanganya nikisema ni kiatu kilichonishinda. Kiatu hakikukandamiza. Nilichokiona mbele yangu ni nyuso za watu waliokuwa wamenipenda kwa saa nzima, na nilijua kwamba baada ya sentensi ile wangeanza kuniuliza maswali: ulijua tangu lini, na mbona ulisimama pale nje ukasema alikulea. Ningekuwa si hazina tena.

"Kaka yangu," nikasema, "alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Picha ile alipigwa akiigiza tu."

Watu wakapumua. Mheshimiwa akapiga makofi, wengine wakafuata. Bosibori alinitazama, akatazama mlangoni, kisha akainamisha kichwa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Nami nikageuka. Kwamboka alikuwa amekihamisha kikombe kwenye mkono wa kulia. Alimimina chai, akampa mgeni wa karibu, akamimina nyingine. Hakumwaga hata tone.

Saa kumi na moja watu walitawanyika. Nilienda jikoni kuaga. Mabinti walikuwa wakisuuza vyombo. Kwamboka alikuwa amevua gauni la bluu, amelikunja juu ya kitanda chake, ambacho hakikuwa na kamba nyekundu.

"Shemeji," nikaanza, "mambo yalikwenda haraka. Nitarudi, tutalirekebisha taratibu."

"Umeongea vizuri," akasema. "Kila mtu amekusikia."

"Usikasirike."

"Sijakasirika. Nilikuwa na aibu miaka yote kwamba nilimfichia mwenzangu aibu yake. Leo nimeona kumbe na wewe nilikufichia yako." Alinipa kifurushi cha ndizi mbivu, kama alivyokuwa akinipa kila nilipoondoka, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu hata akiwa mgeni wa namna gani. "Safari njema, Karani."

Kerubo aliinua macho kutoka kwenye beseni. Hata yeye, na sikio lake bovu, alilisikia jina hilo.

Jioni, njiani kurudi, Nyakundi alikuwa na furaha. Alisema nimeiokoa siku. Alisema kama kamati ingekuwa na wazee watano kama mimi, Gusii nzima ingekuwa makumbusho. Nilimwambia hilo ndilo ninaloliogopa, akacheka sana, akanipiga begani. Ndizi zilikuwa magotini mwangu. Tulipofika Nyamira ukuta wa Manga ulikuwa umeshakuwa mweusi, na nilitoa ile programu nikaisoma tena. Namba kumi na moja. Walikuwa wameliandika jina langu kwa makosa.

Baada ya wiki tatu nilirudi peke yangu, kwa nauli yangu, nikiwa nimeandika ukweli wote kwenye karatasi mbili. Kwamboka aliniona nikiingia langoni, karibu na yule kaka wa saruji. Akaingia jikoni kwake, akafunga mlango. Nilibisha. Nilimsikia ndani, alikuwa akisugua kitu. Nilikaa nje mpaka kivuli kikazunguka, kisha nikaenda kwenye nyumba kubwa ili walau karatasi ziwafikie watu wa kamati.

Kijana wa zamu alinipokea vizuri. Aliniongoza mpaka kwenye ile picha. Walikuwa wameigeuza. Kwa kuwa nilisema kaka yangu alikuwa wa kushoto, picha ilichapishwa upya kinyumenyume, na sasa Ogeto alikuwa ameshika kisu kwa mkono wa kushoto. Koti lake lilifungwa upande wa wanawake, na mlango wa nyumba yake ulifungukia upande ambao haujawahi kufungukia. Nilimpa kijana karatasi zangu. Alizisoma kwa makini, akakuna kichwa.

"Lakini mzee, mbona hapa ni wewe mwenyewe?" Akabonyeza kitufe. Sauti yangu ikatoka ukutani, nzito, yenye kujiamini kuliko nilivyowahi kuwa, ikasema kaka yangu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Nilipiga simu mara nyingi. Kerubo ndiye aliyepokea, kila mara akisema mama amelala. Kwamboka alifariki msimu wa mvua ndefu, na walimzika nyuma ya nyumba, kwa sababu mbele palikuwa pametengwa kwa ajili ya magari ya wageni. Kwenye karatasi ya mazishi iliandikwa kwamba alimsaidia mume wake kwa uaminifu kwa kusugua na kung'arisha. Mchungaji alipouliza kama yupo wa familia mwenye neno, nilisimama. Nilisema yote, kwa sauti, nikimwelekea Kerubo. Nilitaja kisu, mlango, chumba cha ndani, karo yangu.

Watu walisikiliza kwa adabu. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, si kwa ubaya, "Lakini mzee, sauti yako iko pale ndani." Kicheko kidogo kikapita kwenye hema, kile kinachoruhusiwa matangani. Kerubo alinijia baadaye, akanishika mkono. "Baba mdogo," akasema, "mimi nakuamini. Mama alituambia mwenyewe usiku ule. Lakini siku ile ndiyo iliyokuwa siku yenyewe."

Nimejifunza nini? Wasafiri hupenda kumalizia hapo, nami sina kikubwa. Nimejifunza kwamba nyumba ikirekebishwa kwa ajili ya wageni, uangalie ni nani amehamishiwa jikoni. Bosibori, nimesikia, bado huenda kule akiinama juu ya kile kisu, na anapowaambia wageni anachokiona, kijana wa zamu hubonyeza kitufe.

Ningekataa simu ile, nisingekuwa na sauti humo ndani, na neno langu lingekuwa bado linaaminika siku nilipolihitaji. Nilikubali ili jina langu lichapishwe. Lilinigharimu mtu aliyenilea na kunisomesha: aliishi miezi kumi na moja baada ya siku ile, na hakuniita Ombati tena. Sasa hakuna anayeniita hivyo.